Historia ya Kupima Ugonjwa wa Ngozi: Habari za Askari wa Zamani wa Marekani, na Funzo Lake kwa Chama Chetu



Kila mwaka, baada ya hesabu za fedha na majina ya wanachama waliotutangulia mbele ya haki, kijitabu hiki huwa na kurasa chache za historia. Mwaka huu Halmashauri imenipa mimi, karani wenu, kazi ya kuziandika. Nimechagua habari ya nchi ya mbali, na huenda baadhi yenu mkauliza: Je, askari wa Marekani na ngozi zao watuhusu nini sisi? Naomba mnivumilie, kwani jambo hili lilianzia mezani petu wenyewe.

Wengi wenu mwalikumbuka shauri la mzee wetu mmoja, fundi mwashi, aliyeomba msaada wa Mfuko wa Wagonjwa. Mzee huyo amefanya kazi ya simenti kwa muda wa miaka zaidi ya thelathini, na mikono yake ina ukurutu unaokuja na kuondoka. Ukimshika, ngozi hupasuka, hutoka maji, huwasha usiku kucha, hata mwiko hawezi kuushika. Kanuni yetu yasema kwamba mwombaji ataonwa na Halmashauri siku ya mkutano. Basi alipoleta ombi lake aliambiwa angoje, na siku ya kuonwa ilipofika alikuwa amekaa wiki tano bila kugusa simenti, na mikono ilikuwa imepona. Wajumbe waliitazama mikono ile ndani na nje, wakasema haina kitu. Mimi ndimi niliyeandika katika kitabu cha kumbukumbu: "Mikono imeonekana mizima. Ombi limekataliwa." Mwezi uliofuata mzee alirudi kazini kwa kuwa hakuwa na la kula, mikono ikafunguka tena, vidonda vikaingia uchafu, naye akalazwa hospitali.

Katika shauri lile hapana aliyesema uongo. Mzee alisema kweli, na wajumbe walisema waliyoyaona kwa macho yao. Walakini haki haikutendeka. Jambo hilo lilinisumbua, nikataka kujua wengine wameupimaje ugonjwa unaojificha siku ya kupimwa. Nikaona kwamba Wamarekani wameandika mengi juu yake. Wamekosea mara nyingi, wakajirekebisha, na hatua zao zote zimo katika sheria na hukumu, hata mtu aliye mbali aweza kuzifuata. Tena wako vijana wa Kenya waliohamia kule wakaingia katika majeshi ya nchi ile, na huenda mmoja wao ni mtoto au mjukuu wa msomaji wa kurasa hizi.

Kipimo kilichozaliwa vitani

Tangu zamani Wamarekani waliona kwamba mtu aliyeumia akiitumikia nchi yake asiachwe awe ombaomba. Mwezi wa Agosti mwaka wa 1776, wiki chache tu baada ya kutangaza uhuru wao, Kongresi yao ilitoa sheria ya kuwapa nusu ya mshahara wale waliopoteza kiungo vitani, au walioharibika hata wasiweze kujipatia riziki. Mwaka wa 1862, walipokuwa wakipigana wenyewe kwa wenyewe, ilitungwa sheria nyingine. Askari wa cheo cha chini asiyeweza kazi kabisa alipewa dola 8 kwa mwezi, na aliyepungukiwa kwa sehemu tu alipewa sehemu ya fedha hizo.

Halafu vikaja Vita Vikuu vya Kwanza. Sheria ya mwaka wa 1917 iliweka msingi uliodumu hata leo, nao ni huu: malipo yafuate upungufu wa uwezo wa kujipatia riziki katika kazi za raia, na upungufu huo uwe wa wastani, si wa mtu huyu au yule. Maana yake ni kwamba mkulima na mwanasheria waliopoteza mguu kwa namna moja hupewa kipimo kimoja, ijapokuwa mmoja hula kwa nguvu za miguu yake na mwingine kwa kalamu. Orodha za vipimo zilitungwa na kubadilishwa mara kadhaa, hata ikaja orodha ya mwaka wa 1945, iliyoanza kutumika tarehe 1 Aprili 1946. Orodha hiyo, pamoja na marekebisho mengi, ndiyo ambayo Idara ya Askari wa Zamani imeendelea kuitumia. Kila dhara lina namba yake, na kila namba ina ngazi zake, kwa makumi, tangu sifuri hata asilimia 100.

Orodha ya namna hiyo yafaa sana kwa mkono uliokatika. Mkono uliokatika leo, kesho umekatika, na mwakani umekatika. Daktari akimwona askari huyo mwezi wa Januari au mwezi wa Julai ataandika neno lile lile. Ngozi haiko hivyo. Ukurutu waweza kumfunga mtu kitandani wiki hii, na wiki ya tatu usiache ila weusi kidogo mahali ulipokuwa. Choa cha miguuni huzidi wakati wa joto na jasho, na hupungua wakati wa baridi kavu. Hapo ndipo taabu ilipoanza, kwa kuwa fimbo iliyochongwa kupima kitu kisichobadilika ilitumiwa kupima kitu kibadilikacho kila mwezi.

Maneno ya orodha ya kale

Katika orodha ile ukurutu ulipewa namba 7806. Ngazi zake, kama zilivyotumika hata mwaka wa 2002, zilikuwa nne. Aliyekuwa na magamba, maji au mwasho kidogo tu, tena mahali pafunikwapo na nguo au padogo, alipata sifuri. Kama magamba, maji au mwasho ulikuwa mahali pa wazi, au umeenea, alipata asilimia 10. Kama maji au mwasho haukukoma, au vidonda vimeenea sana, au sura imeharibika waziwazi, alipata asilimia 30. Na kama kulikuwa na vidonda vya kuchimba, au magamba mengi yaliyoenea, pamoja na dalili za mwili mzima au za mishipa ya fahamu, au kama mtu alikuwa wa kuchukiza mno kwa kutazamwa, alipata asilimia 50.

Yafaa tuwape haki yao waliotunga maneno hayo. Walitambua jambo moja la kweli, yaani kwamba ugonjwa wa ngozi humnyima mtu riziki kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni maumivu na mwasho wenyewe, unaomzuia asishike kazi. Njia ya pili ni macho ya watu. Mwenye duka hamtaki mwuzaji mwenye magamba usoni, na mteja hapokei mkate kutoka katika mkono wenye vidonda, hata kama daktari ameapa kwamba ugonjwa huo hauambukizi. Ndiyo sababu orodha ilipambanua mahali pa wazi na mahali pa kufunikwa.

Lakini maneno yenyewe yalikuwa kama mpira usio na umbo. "Kidogo" ni kiasi gani? "Kuenea" ni kuenea hata wapi? Na ni nani atakayeamua kwamba mtu mwenzake achukiza "mno"? Maofisa wawili waweza kumtazama mtu mmoja, wa kwanza akaandika 10 na wa pili akaandika 30, wala hapana kati yao aliyevunja kanuni. Zaidi ya hayo, ofisa hakuandika ila yale yaliyoonekana siku ya kupimwa, au yale aliyoyaandika daktari siku hiyo.

Wengi waliopata taabu hiyo walikuwa askari waliorudi kutoka Vietnam. Kule magonjwa ya ngozi ndiyo yaliyoongoza kwa kuwapeleka askari kwa waganga wa nje ya wodi: choa, majipu, na miguu iliyokaa ndani ya viatu vilivyolowa maji ya mashamba ya mpunga siku baada ya siku. Askari wa namna hiyo akienda kupimwa nyumbani kwake wakati wa baridi, daktari huona miguu mikavu.

Mahakama yazungumza

Kwa miaka mingi askari aliyekataliwa na Idara hakuwa na mlango wa mahakama wa kubisha. Idara ndiyo iliyopima, na Idara ndiyo iliyosikiliza malalamiko juu ya vipimo vyake. Mwaka wa 1988 Kongresi ilitunga sheria ya kuanzisha mahakama maalumu ya kusikiliza rufani za askari wa zamani, nayo ikaanza kazi mwaka wa 1989. Haukupita muda mrefu mashauri ya ngozi yakaifikia.

Mwaka wa 1992 mahakama hiyo ilisema kwamba ugonjwa wa ngozi unaokuja na kuondoka haupimwi kwa kutazama siku moja tu, bali kwa kuuliza huja mara ngapi, hukaa muda gani, na huwa mkali namna gani unapokuja. Mwaka wa 1994 lilikuja shauri la askari mwenye choa cha miguuni. Alikuwa amepimwa wakati ugonjwa umelala. Mahakama ikaamua kwamba kumpima hivyo hakutoshi. Hapana budi apimwe wakati ugonjwa umeamka.

Lakini mahakama haikufungua mlango bila kiasi. Mwaka wa 1999 ilieleza kwamba ikiwa ugonjwa huamka kwa siku moja au mbili tu, wala haumpunguzii mtu uwezo wa kazi, Idara hailazimishwi kumvizia mgonjwa ili imwone katika siku hizo. Nalitaja jambo hili kwa ajili ya Mweka Hazina wetu na wale wote wanaohofia mfuko usije ukakauka. Haki kwa mgonjwa si lazima iwe hasara kwa mfuko. Yataka kuuliza swali lipasalo, yaani ugonjwa umemzuia kazi kwa siku ngapi, badala ya kuuliza mikono yake iko namna gani leo saa nne asubuhi.

Pamoja na hayo, sheria ya Marekani ina kanuni mbili za kufaa kukumbukwa. Ya kwanza ni kwamba mgonjwa mwenyewe, mkewe, au askari mwenzake aweza kushuhudia yale ayaonayo kwa macho. Haihitaji cheti cha udaktari kusema kwamba mguu wa mtu ulikuwa na malengelenge, au kwamba alijikuna hata alfajiri. Kupambanua aina ya ugonjwa na chanzo chake ni kazi ya daktari; kusema niliuona ni haki ya kila mwenye macho. Kanuni ya pili ni ya mizani. Ikiwa ushahidi wa pande zote mbili walingana uzito, hukumu humwendea askari, si Idara.

Kipimo cha hesabu

Tarehe 30 Agosti 2002 maneno ya kale juu ya ukurutu yaliondolewa, na mahali pake pakawekwa hesabu. Tangu hapo huulizwa maswali mawili. La kwanza, ni sehemu gani ya mwili iliyoshikwa, au ni sehemu gani ya mahali pa wazi kama uso, shingo na mikono? Ikiwa haifiki asilimia 5, kipimo ni sifuri. Tangu 5 lakini chini ya 20, kipimo ni 10. Tangu 20 hata 40, kipimo ni 30. Zaidi ya 40, kipimo ni 60. Madaktari wana njia nyepesi ya kukadiria eneo: kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole vyake ni kama sehemu moja ya mia ya ngozi yake yote.

Swali la pili ni la dawa. Katika miezi 12 iliyopita, je, mgonjwa alihitaji dawa kali ya kuingia mwilini mwote, kama kortikosteroidi au dawa nyingine za kupunguza kinga ya mwili? Ikiwa alitumia dawa ya kupaka tu, na eneo ni dogo, hupata sifuri. Akiitumia dawa ya mwili mzima kwa vipindi visivyofika jumla ya wiki 6, hupata 10. Akifika wiki 6 au zaidi, ila si mfululizo, hupata 30. Akiitumia mfululizo au karibu mfululizo, hupata 60. Jibu lolote kati ya hayo mawili lililo kubwa zaidi ndilo limfaalo.

Tofauti ya ngazi hizo si jambo dogo. Mwaka wa 2024, askari wa zamani asiye na mke wala mtoto alilipwa dola 171.23 kwa mwezi kwa asilimia 10, dola 524.31 kwa asilimia 30, na dola 1,361.88 kwa asilimia 60. Mwenye sifuri hakupata fedha, ila alikuwa na cheti kwamba Serikali imekubali kuwa ugonjwa wake ulitokana na utumishi wake.

Katika kanuni hii mpya, swali la dawa ndilo lililonivutia kuliko yote. Eneo la ngozi laweza kupungua siku ya kupimwa. Lakini kadi ya hospitali haiponi. Ikiwa imeandikwa kwamba mwezi wa Machi mgonjwa alipewa vidonge vya wiki mbili, na mwezi wa Juni tena wiki mbili, na mwezi wa Oktoba wiki tatu, basi hata akiingia chumbani na ngozi nyororo kama ya mtoto, karatasi yasema wiki 7. Hivyo mwaka mzima umeletwa mbele ya meza, badala ya siku moja.

Nayo hesabu haikumaliza ubishi wote. Askari mmoja aliyekuwa akipaka marhamu ya kortikosteroidi alidai kwamba kanuni ilizitaja kortikosteroidi bila kusema za kunywa au za kupaka, kwa hiyo na ya kwake ihesabiwe. Mwaka wa 2016 mahakama ya askari wa zamani ilimkubalia. Mwaka wa 2017 mahakama ya rufani iliyo juu yake ilikataa, ikasema kwamba marhamu ya kawaida haigeuki kuwa dawa ya mwili mzima kwa sababu tu ya kilicho ndani yake, isipokuwa imetumiwa kwa kadiri ya kuugusa mwili wote. Kisha tarehe 13 Agosti 2018 Idara iliandika waziwazi kwamba dawa ya mwili mzima ni ile isiyopita kwa njia ya ngozi, kama ya kumeza au ya sindano, na ile ipitayo kwa njia ya ngozi ni ya kupaka. Tazameni jinsi neno moja lisiloelezwa lilivyowapeleka watu mahakamani. Sisi tuandikao kanuni za Chama yafaa tuliangalie hilo.

Wale wasioandikwa

Sasa nafika kwenye sehemu ya historia hii iliyo ya huzuni zaidi, nayo ni habari za watu walioumia ngozi lakini hawakuwa na karatasi.

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, majeshi ya Marekani yalijaribu gesi ya haradali na sumu zinazofanana nayo juu ya askari wao wenyewe. Taarifa iliyotolewa na wataalamu wa tiba mwaka wa 1993 ilionyesha kwamba waliotumiwa katika majaribio hayo walizidi 60,000. Wengi walitiwa tone tu mkononi, lakini angalau 4,000 walipata sumu nyingi, ama ndani ya vyumba vilivyofungwa ama katika viwanja vilivyonyunyiziwa. Gesi hiyo huchoma ngozi, hufanya malengelenge makubwa, na baada ya miaka mingi yaweza kuleta saratani ya ngozi. Katika majaribio mengine askari weusi, na askari wenye asili ya Japani na Puerto Rico, walichaguliwa kwa ajili ya rangi yao, ili ionekane kama ngozi zao zingeweza kustahimili kuliko ngozi za wazungu.

Watu hao waliapishwa wasiseme neno. Aliyerudi nyumbani na makovu hakuweza kumweleza daktari wake asili yake. Mwaka wa 1992 Idara ilitoa kanuni ya kwanza ya kuwasaidia, na mwaka wa 1994 ikaipanua, ikataja waziwazi makovu na aina moja ya saratani ya ngozi. Kiapo chao kilifunguliwa mwaka wa 1993. Tangu mwisho wa vita hata hapo ilikuwa imepita karibu miaka 50, na wengi wao walikuwa wamekwisha kuzikwa na siri yao.

Habari ya pili ni ya Vietnam. Tangu mwaka wa 1962 hata 1971 ndege za Marekani zilinyunyiza yapata galoni milioni 19 za dawa za kuua miti na majani. Ndani ya baadhi ya dawa hizo mlikuwamo sumu iitwayo dioksini. Sumu hii hufanya ugonjwa wa ngozi uitwao klorakne, ulio mfano wa chunusi nyeusi na vivimbe vigumu, hasa mashavuni na nyuma ya masikio. Ugonjwa wenyewe si mpya. Daktari wa Ujerumani, Karl Herxheimer, aliueleza mwaka wa 1899, akiwa amewaona wafanya kazi wa viwandani. Mwaka wa 1991 Kongresi ilitunga sheria ya kukubali kwamba askari aliyekuwako Vietnam akipata klorakne, yahesabiwa kuwa ilitokana na dawa zile. Lakini kuna sharti: sharti ugonjwa uwe umeonekana, kwa kiasi cha asilimia 10 au zaidi, kabla mwaka mmoja haujapita tangu mtu alipokutana na sumu.

Fikirini basi habari ya askari aliyetoka Vietnam mwaka wa 1970. Mwaka wa 1971 uso wake ulikuwa umejaa vivimbe, akadhani ni chunusi za ujana, akajipaka mafuta, akanyamaza. Sheria ilipokuja mwaka wa 1991 aliambiwa alete ushahidi wa mwaka ule. Ikiwa alikwenda kwa daktari, akaandikwa, sheria ilimfaa. Ikiwa hakuandikwa, ilimpasa kutafuta picha za zamani, na watu wa kukumbuka uso wake ulivyokuwa miaka 20 iliyopita.

Wazee wetu hawahitaji kufundishwa jambo hili na Wamarekani. Katika Vita vya 1914 hata 1918 watu wengi sana wa nchi hizi walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi, ambao jina lao limebaki katika Kariakoo ya Nairobi na ya Dar es Salaam. Walikufa wengi kwa magonjwa kuliko kwa risasi. Na kwa kuwa majina na makwao hayakuandikwa sawasawa, ujira wa wengi waliokufa haukuwafikia jamaa zao kamwe. Kazi waliifanya, ila karatasi haikuwako.

Funzo kwa Chama

Historia hii yanionyesha jambo moja. Ugonjwa unaojificha hauhukumiwi kwa haki na jicho la siku moja, hata likiwa jicho jema. Huhukumiwa kwa maandishi yaliyofanywa siku ulipokuwa wazi. Wamarekani, pamoja na fedha zao zote na madaktari wao wote, walitumia miaka mingi kulifahamu hilo. Sisi hatuna sababu ya kungoja hivyo. Kwa hiyo, kwa ruhusa ya Mwenyekiti, naleta mbele ya Mkutano Mkuu mapendekezo matatu.

La kwanza, mwanachama mwenye ugonjwa wa kuja na kuondoka, uwe wa ngozi au mwingine, asingoje siku ya mkutano ili aonwe. Atoe habari siku ugonjwa umpatapo, na wajumbe wawili wamtembelee kabla siku tatu hazijapita, waandike waliyoyaona pamoja na tarehe.

La pili, Halmashauri ipokee kadi za zahanati za miezi 12 iliyopita, na maneno ya jirani au ya mwenye kazi aliyeona kwa macho, kuwa ushahidi kamili. Najua wako watakaosema kwamba hivi twafungua mlango kwa wavivu. Nami najibu kwamba kadi yenye tarehe tano na mihuri mitano ni vigumu kuighushi kuliko kujikwaruza mkono asubuhi ya mkutano.

La tatu, pande mbili za ushahidi zikilingana, msaada umwendee mwanachama. Mfuko huu ni wa wanachama. Walichanga wakiwa wazima ili uwafae wakiwa wagonjwa.

Na kwenu nyote, Wazee, Mabwana na Mabibi, nina neno la nyumbani. Mtoto wako aliye jeshini, au kiwandani, au shambani penye dawa za kunyunyizia, akitokwa na vipele, usimwambie avumilie tu kwa kuwa ni vipele. Mwambie aende zahanati siku hiyo hiyo, aandikwe, na ile kadi aitunze.

Mwisho, lipo jambo langu mwenyewe. Kitabu cha kumbukumbu hakifutwi, wala siombi kifutwe. Maneno niliyoyaandika juu ya mikono ya mzee wetu yatakaa pale pale, wajao wayasome. Ila naomba ruhusa ya Mkutano Mkuu niandike chini yake mstari mmoja wenye tarehe ya siku alipolazwa hospitali na hali ya mikono yake siku hiyo, na kwamba ombi lake limefunguliwa upya. Mzee yuko hai, tena angali mwanachama aliyelipa ada yake ya mwaka huu.

Ndimi wenu mtiifu,
Karani wa Chama